Kumtembelea Mzee Wako katika Makao ya Wazee Wakati wa Janga la Maradhi

Mwezi wa Machi 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipokuwa ukienea Uingereza, makao ya wazee yalianza kufunga milango kwa wageni. Familia nyingi zilidhani zitangoja majuma machache. Zilingoja miezi. Wako waliomwona mama au baba kupitia kioo cha dirisha tu, wakimpungia mkono kutoka bustanini, na wako ambao hawakumwona tena akiwa hai.

Maelezo haya yameandikwa kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili wanaoishi England na ambao wana mzee katika makao ya aina hiyo, au wanaofikiria kumpeleka. Wengi wetu tumekulia mahali ambapo mzee hutunzwa nyumbani na mgeni huingia kwa kubisha hodi tu, kwa hiyo si ajabu mtu kudhani kwamba ruhusa ya kumwona mzazi wake ni hisani ya meneja. Sivyo. Kutembelewa ni haki ya mzee mwenyewe, na tangu tarehe 6 Aprili 2024 haki hiyo imeandikwa katika sheria.

Mlango ulivyofungwa na kufunguliwa

Haifai kudhani kwamba milango ilifungwa kwa ukatili. Virusi vilienea kwa kasi katika majengo ambamo wazee dhaifu hula, huoshwa na hulala karibu karibu, na katika miezi ya mwanzo hapakuwa na chanjo, na vipimo vilikuwa haba. Watu wengi waliokuwa na virusi hawakuonyesha dalili yoyote. Hata hivyo, mgeni hakuwa njia pekee ya kuingiza maradhi. Mnamo Aprili 2022 Mahakama Kuu mjini London iliamua kwamba sera ya serikali ya majuma ya mwanzo ya janga, ya kuwahamisha wagonjwa kutoka hospitali kwenda katika makao ya wazee bila kuzingatia ipasavyo hatari ya wale wasio na dalili, ilikuwa kinyume cha sheria. Jambo hilo lafaa kukumbukwa na kila anayeambiwa kwamba hatari yote imo mikononi mwa mtoto aliyekuja kumjulia hali mama yake.

Ulegezaji ulikuja hatua kwa hatua. Mnamo Julai 2020 serikali ilitoa mwongozo wa kuruhusu ziara chache, lakini wimbi la pili la maradhi lilifunga milango mingi tena. Kuanzia tarehe 8 Machi 2021 kila mkazi aliruhusiwa mgeni mmoja aliyetajwa kwa jina, baada ya kupimwa na akiwa amevaa barakoa, na kushikana mikono kuliruhusiwa. Mwezi wa Mei mwaka huo idadi iliongezwa kufikia wageni watano waliotajwa. Kikomo cha idadi ya wageni kiliondolewa tarehe 31 Januari 2022.

Katika kipindi hicho hicho ndipo mwongozo ulipomtambua mgeni wa aina ya pekee: mtu mmoja wa karibu ambaye si mtazamaji tu bali humsaidia mzee kula, kuvaa au kutulia, na ambaye aliruhusiwa kuendelea kuingia hata pale wengine walipozuiwa. Miongozo iliyofuata ilipanua ulinzi huo. Hata maradhi yanapolipuka ndani ya jengo, kila mkazi aweze kumpokea walau mgeni mmoja kwa wakati, na ziara kwa mtu anayekaribia kufa zisizuiwe.

Sheria inasemaje sasa

Kanuni ya 9A iliingizwa katika kanuni za mwaka 2014 zinazosimamia huduma za afya na utunzaji England. Inahusu makao ya wazee, hospitali na nyumba za kuwatunzia wagonjwa wasiotarajiwa kupona. Inawataka watoa huduma kurahisisha ziara za watu ambao mkazi anataka kuwapokea, wasimvunje moyo mkazi anayetaka kutoka kwenda kutembea nje, na wamwezeshe kufuatana na mtu wake anapokwenda hospitali kwa miadi isiyo ya kulala.

Ziara yaweza kuzuiwa katika hali zisizo za kawaida tu. Mlipuko wa maradhi waweza kuwa mojawapo ya hali hizo, lakini kutaja neno "mlipuko" hakutoshi. Kabla ya kusema hapana, meneja anapaswa kutafuta tahadhari zitakazoifanya ziara iwezekane: barakoa, saa tofauti, chumba cha mzee mwenyewe badala ya ukumbi, bustani ikiwa hali ya hewa yaruhusu. Na uamuzi uwe juu ya mkazi huyu na mgeni huyu. Tangazo lililobandikwa mlangoni kwamba hakuna mgeni yeyote mpaka taarifa nyingine halionyeshi kwamba kazi hiyo imefanywa.

Kanuni hii ni ya England pekee. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina sheria na wakaguzi wao, na anayeishi huko aulize kwa wakaguzi hao.

Lugha ni sehemu ya utunzaji

Hapa pana jambo ambalo miongozo ya jumla hulipitia juu juu, nalo lawagusa wasomaji wetu kuliko wengine. Mtu mwenye demensia, yaani maradhi ya ubongo yanayoondoa kumbukumbu na fahamu, mara nyingi hupoteza kwanza lugha aliyojifunza ukubwani. Tuchukue mfano wa bibi aliyezaliwa Tanga, akafanya kazi Birmingham miaka thelathini kwa Kiingereza safi, na sasa amebaki na Kiswahili cha utotoni mwake. Anaposema "nasikia kiu" au "hapa paniuma", mhudumu mwema asiyejua lugha husikia sauti tu. Bibi akipiga kelele huandikwa kwamba amefadhaika, na huenda hakuna ajuaye kwamba alikuwa anaomba apelekwe msalani.

Kwa mzee wa namna hiyo, mwanawe anayekuja mara tatu kwa wiki ndiye masikio na mdomo wake. Simu ya video haitoshi: mwenye demensia huenda asitambue kwamba uso ulio kwenye kishikwambi ni wa mtu halisi, na asiyesikia vizuri hafuati sauti inayokatikakatika. Kwa hiyo usisubiri janga. Mwombe meneja aandike katika mpango wa utunzaji wa mzee, hati ambayo kila mkazi anapaswa kuwa nayo, mambo haya: mzee anazungumza lugha gani, nani anamfasiria, na nini hutokea anapokosa kuonana na mtu huyo. Kama hupungukiwa hamu ya kula, kiandikwe kiasi. Kama hukataa dawa, kiandikwe hivyo. Mlipuko ukitokea, maandishi hayo yatamweleza meneja kwa nini ziara yako ni sehemu ya matibabu. Si kitu cha kuletwa siku ya dharura, ambapo kila familia inapiga simu na wahudumu ni wachache.

Andikisha pia mahitaji ya dini. Familia ya Kiislamu itataka mtu wa kumsomea mgonjwa Yasini na kumtamkisha shahada, na ya Kikristo itataka padri au mchungaji. Mambo haya yakijulikana mapema, huwa rahisi kuyapangia nafasi usiku wa manane.

Nani mwenye sauti

Ziara ni ya mzee. Akiwa na akili timamu, yeye ndiye anayeamua amwone nani, hata kama mtoto mkubwa hapendi. Akiwa hawezi tena kuamua, sheria ya mwaka 2005 kuhusu uwezo wa akili inataka uamuzi ufanywe kwa maslahi yake, na walio karibu naye katika kumtunza washauriwe pale inapowezekana.

Kuna kosa moja ambalo hufanywa na familia nyingi. Kwetu, kifungua mimba au mjomba husema kwa niaba ya wote na hakuna anayeuliza hati. Katika sheria ya England, kuwa mtoto, mke au ndugu wa karibu hakukupi peke yake mamlaka ya kumwamulia mtu mzima. Mamlaka hayo hutokana na hati ya uwakilishi ambayo mzee huitia saini akiwa bado na akili timamu, kisha husajiliwa na ofisi ya serikali iitwayo Office of the Public Guardian. Ziko hati mbili, moja ya mali na fedha, nyingine ya afya na ustawi. Inayohusu ziara ni hii ya pili, nayo ndiyo wengi huisahau kwa sababu mawazo yote yamekuwa kwenye nyumba na akaunti ya benki.

Kabla ya kutia saini mkataba

Mzee au familia inayolipa makao ya wazee ni mtumiaji wa huduma kama mtumiaji mwingine yeyote, na sheria ya haki za watumiaji ya mwaka 2015 inamlinda. Sharti la mkataba linaloegemea mno upande wa mtoa huduma haliwezi kumfunga mtumiaji. Basi soma yaliyoandikwa juu ya wageni. Je, kuna saa maalumu? Nani anaamua kuzifuta? Uamuzi hupitiwa tena baada ya siku ngapi? Uliza pia ada zinavyopandishwa, kwa kuwa wakati wa janga gharama za barakoa, glavu na wahudumu wa ziada hupanda, na sharti linalomruhusu mwenye makao kuongeza ada wakati wowote kwa kiasi chochote huenda lisiwe halali. Omba kupewa nakala ya mkataba mapema ili uisome nyumbani. Ukikataliwa jambo hilo dogo, fikiria kutafuta makao mengine.

Siku ya ziara

Piga simu kabla ya kuondoka nyumbani. Ukiwa na homa, kikohozi au tumbo la kuhara, usiende, hata kama ulikwisha kuahidi. Nawa mikono unapoingia na unapotoka. Ukitakiwa kuvaa barakoa na mzee wako husikia kwa kutazama midomo, mwambie mhudumu, naye aweze kukutafutia mahali penye hewa ambapo unaweza kukaa mbali kidogo na kuishusha.

Desturi yetu ni kwenda kumwona mgonjwa kwa kundi: shangazi, wajukuu, jirani wa zamani, na sufuria ya pilau. Wakati wa mlipuko desturi hiyo itawaudhi wahudumu na kumponza mzee. Pangeni zamu, na mmoja awe msemaji wenu kwa meneja. Kuhusu chakula, uliza kwanza. Baadhi ya wazee hawamezi vizuri tena, na hupewa chakula kilichosagwa; kipande cha nyama chaweza kuwasakama.

Ukikataliwa

Usigombane na mhudumu aliyeko mlangoni, kwani mara nyingi si yeye aliyeamua. Mwandikie meneja umwulize maswali haya: nani ameamua, kwa sababu gani, mpaka lini, na ni tahadhari zipi zilizofikiriwa na kukataliwa. Taja kanuni ya 9A kwa jina. Barua fupi yenye maswali hayo mara nyingi huleta jibu tofauti na lile la kwanza, kwa sababu anayepaswa kuandika sababu hulazimika kwanza kuwa nayo.

Jibu lisiporidhisha, tumia utaratibu wa malalamiko ambao kila makao yanatakiwa kuwa nao. Kama halmashauri ya mji ndiyo inayolipa ada yote au sehemu yake, waweza kuipelekea malalamiko pia. Baada ya hapo shauri huenda kwa Local Government and Social Care Ombudsman, msuluhishi huru asiyetoza chochote, ambaye husikiliza pia mashauri ya wanaojilipia wenyewe. Kwa kawaida apelekewe ndani ya miezi 12 tangu ulipolijua tatizo. Kama utunzaji unalipwa na NHS, msuluhishi ni mwingine, Parliamentary and Health Service Ombudsman.

Taarifa yako ipeleke vilevile kwa Care Quality Commission, tume inayokagua makao yote ya wazee England. Tume hii haiamui ugomvi wa mtu mmoja mmoja, na wengi hukata tamaa wakiambiwa hivyo. Lakini husoma taarifa hizo inapopanga ukaguzi, na ina uwezo wa kuchukua hatua dhidi ya mtoa huduma anayekiuka kanuni ya 9A.

Baadhi ya familia hunyamaza kwa kuogopa kwamba mzee atanyanyaswa au atatolewa. Hofu hiyo inaeleweka. Mwongozo wa mamlaka inayosimamia ushindani wa kibiashara na haki za watumiaji, Competition and Markets Authority, uko wazi katika hili: makao yasimpige mtu marufuku ya kutembelea wala yasimwondoe mkazi kwa sababu ya malalamiko, na pale mkazi anapotakiwa kuhama kwa sababu halali, apewe notisi ya maandishi ya angalau siku 28. Ukipokea notisi baada tu ya kulalamika, itunze pamoja na tarehe ya barua yako, na umpelekee msuluhishi zote mbili.