Filimbi ya Pili Huchaguliwa Kichwani

Filimbi ya okestra ni bomba lenye urefu wa takriban sentimita 67 na kipenyo cha ndani cha milimita 19. Ina vipande vitatu: kichwa, kiwiliwili na mguu. Mpulizaji huilaza kuelekea bega lake la kulia na kuielekeza pumzi kwenye ukingo wa tundu la kichwani. Pumzi hupasuliwa na ukingo huo, na hewa iliyo ndani ya bomba huanza kutikisika. Umbo hili lilitokana na kazi ya Theobald Böhm, mpiga filimbi wa München aliyekuwa pia mfua dhahabu, ambaye mwaka 1847 alitengeneza bomba la mcheduara lenye vifuniko vilivyopangwa kwa hesabu. Tangu hapo mengi yameboreshwa, lakini msingi haujabadilika. Kwa hiyo filimbi ya mtoto wa shule na filimbi ya mpigaji wa kwanza wa okestra ni chombo kilekile, ingawa bei ya moja inaweza kuwa mara ishirini ya nyingine. Anayetaka kupanda ngazi moja anapaswa kujua fedha yake ya ziada inalipia nini hasa.

Filimbi ya kujifunzia imeundwa kwa huruma. Tundu lake limechongwa ili hata asiyejua bado kuweka midomo apate sauti katika wiki ya kwanza, na mitambo yake ni imara ya kustahimili begi la shule. Bomba ni la mchanganyiko wa shaba na nikeli, mara nyingi pamoja na zinki. Mchanganyiko huo wa metali tatu una jina la kizamani la fedha ya Kijerumani, japo hauna hata chembe ya fedha. Ile inayong'aa ni ngozi nyembamba iliyopakwa juu. Baada ya miaka miwili, mitatu au minne ya mazoezi ya kweli, huruma ile hugeuka kizuizi. Mpigaji ameshajua kubadili kasi na upana wa pumzi, lakini filimbi inamrudishia rangi moja ya sauti. Akipuliza kwa nguvu, noti za chini hupasuka. Akitaka kunong'ona juu, sauti hukatika. Hapo ndipo watengenezaji wanapomwekea filimbi za daraja la kati, ambazo zikiwa mpya huuzwa takriban kati ya dola 1,500 na 4,000 za Marekani.

Kabla ya kutoa fedha hizo, filimbi ya zamani ipelekwe kwa fundi. Wanafunzi wengi hudhani wameipita filimbi yao, kumbe inavuja. Chini ya kila kifuniko mna pedi ya sufu iliyofunikwa kwa utando mwembamba sana wa matumbo ya mnyama. Utando ukichanika au pedi ikijaa unyevu, hewa hutoroka na noti zote zilizo chini ya hapo hudhoofika. Kipimo cha nyumbani ni C ya chini kabisa. Ikitoka tu pale vidole vinapobonyeza kwa nguvu, filimbi inavuja. Fundi huhakikisha kwa ukanda wa karatasi nyembamba kama ya kusokotea sigara: huuweka chini ya pedi, hufunga kifuniko polepole na kuuvuta, akisikiliza mkono wake unakwama wapi na unateleza wapi. Jambo jingine la kukagua ni koki, yaani kizibo cha ndani ya kichwa, ambayo inapaswa kukaa milimita 17 kutoka katikati ya tundu. Kijiti cha kusafishia kina mstari wa kuipimia. Koki ikihama, oktava hazikubaliani tena, na mwanafunzi hulaumu midomo yake bure.

Filimbi ikishatengenezwa na bado haitoshi, safari ya dukani ina maana. Na huko dukani jambo la kwanza kutazama ni kichwa.

Sauti ya filimbi huzaliwa kichwani, na karibu kila kinachoitofautisha filimbi moja na nyingine kimo katika sentimita chache za hapo. Böhm alikiacha kiwiliwili kiwe na upana uleule mwanzo hadi mwisho, lakini kichwa alikibana kidogo kidogo kuelekea koki, kutoka milimita 19 hadi karibu 17, kwa mkunjo usio mnyoofu. Mkunjo huo ndio unaozifanya oktava tatu zipatane. Juu yake kuna bamba la midomo, na kati ya bamba na bomba kuna shingo fupi ya karibu milimita 5, ambayo juu yake tundu limekatwa kwa upana wa takriban milimita 12 kwa 10. Shingo ikiwa ndefu zaidi kidogo, sauti za chini hupata nguvu lakini pumzi hudaiwa zaidi. Ikiwa fupi, noti huitikia haraka na za juu hutoka kwa wepesi. Kuta za shingo zikipanuliwa kwa chini, au ukingo ukilainishwa kwa juu, mwitikio hubadilika tena. Tofauti ya sehemu ya kumi ya milimita husikika. Katika filimbi ya kujifunzia kazi hii hufanywa na mashine. Katika nyingi za daraja la kati tundu humaliziwa kwa mkono, na mkono huo ndio unaostahili kulipiwa. Watengenezaji huzipa michongo yao herufi na majina ya kupendeza, ila herufi ya kampuni moja haisemi lolote kuhusu mchongo wa kampuni nyingine.

Kwa sababu hiyo ipo njia ya mkato ambayo wauzaji hawaitaji mara nyingi. Kichwa huuzwa pia peke yake. Mtu mwenye kiwiliwili kizima, chenye mitambo isiyochezacheza, anaweza kununua kichwa bora na kumpa fundi akilinganishe na kiungo, kwa kuwa upana wa viungo hutofautiana kidogo kati ya kampuni na kampuni. Mara nyingi matokeo huwa karibu na ya filimbi mpya, kwa gharama ndogo zaidi.

Baadhi ya vichwa hivyo ni vya mbao, na mbao inayopendwa kuliko zote ni mpingo, mti wa taifa wa Tanzania, ambao wauzaji wa Ulaya na Marekani huuita grenadilla. Klarineti na filimbi ndogo za pikolo hutengenezwa kwa mti huohuo, na misitu ya Kilwa inajulikana kwa watengenezaji wa ala duniani kote. Kichwa cha mpingo juu ya kiwiliwili cha metali hutoa sauti ambayo wengi huisikia kuwa na joto zaidi. Kinadai uangalifu: kifutwe maji kila baada ya kupigwa na kisiachwe juani, maana mbao hupasuka.

Suala la metali lina kelele nyingi kuliko ukweli. Katalogi hupanga filimbi kwa kiasi cha fedha: kwanza kichwa cha fedha, kisha na bomba, mwisho na vifuniko. Yamaha, kwa mfano, huweka kichwa cha fedha katika mfululizo wake wa 300 na bomba zima la fedha katika wa 400. Fedha inayotumika kwa kawaida ina sehemu 925 kati ya 1,000. Mwaka 1971 mwanafizikia wa Marekani John Coltman alitengeneza filimbi tatu zisizo na vifuniko, moja ya fedha, moja ya shaba na moja ya mbao, zote zikiwa na vipimo vilevile na vichwa vinavyofanana. Wasikilizaji hawakuweza kuzitenganisha, na hata wapigaji wenyewe walishindwa walipozuiwa kutambua kwa macho na mikono wanashika ipi. Mwaka 2001 watafiti wa Vienna walirudia swali hilo kwa filimbi saba, kuanzia iliyopakwa fedha hadi ya dhahabu na ya platinamu, wakapata jibu lilelile. Heshima ya metali ghali hata hivyo haifi: Edgard Varèse alipomwandikia Georges Barrère kipande cha kuizindua filimbi yake ya platinamu mwaka 1936, alikiita Density 21.5, yaani msongamano wa metali yenyewe.

Kwa nini basi filimbi za fedha mara nyingi husikika vizuri zaidi dukani? Kwa sababu mtengenezaji haweki fundi wake bora kwenye metali ya bei nafuu. Mnunuzi hulipia fedha, lakini anachosikia ni mchongo. Akiikuta filimbi ya kupakwa yenye kichwa kizuri, hana sababu ya kuionea haya.

Baada ya kichwa hufuata mitambo, na hapa kuna chaguo kadhaa ambazo muuzaji atazitaja kwa haraka. Vifuniko vyenye matundu, ambavyo ni vitano, vilitoka Ufaransa katika karne ya 19. Humlazimisha mpigaji kuweka vidole katikati na humpa nafasi ya kuteleza kati ya noti. Faida yake katika sauti ni ndogo, na hakuna aibu kuanza na matundu yaliyozibwa kwa vizibo vya silikoni, kisha kuvitoa kimoja kimoja. Kifuniko cha G huweza kupangwa katika mstari na vingine au kusogezwa nje kidogo. Kile cha mstarini huonekana maridadi, lakini hukivuta kidole cha pete na kukikunja kifundo cha mkono wa kushoto. Kwa vidole vya kawaida, cha kusogezwa ndicho cha kuchukua. Mtambo wa E hufunga kimojawapo cha vifuniko viwili vya G wakati wa kupiga E ya oktava ya tatu, noti ambayo bila msaada huo hupenda kuruka au kupasuka. Ni msaada mdogo wa gharama ndogo, na mwenye kuupata asiuache. Mguu mrefu unaoshuka hadi B huongeza noti moja tu, na uzito mwishoni kabisa mwa bomba, mahali ambapo mikono huuhisi zaidi. Kijana mwenye mabega membamba anaweza kuishi bila B hiyo miaka mingi.

Lililo muhimu zaidi katika mitambo halimo katika orodha hizo. Kifuniko kikishikwa kwa vidole viwili na kutikiswa kando, kisicheze. Vyote virudi kwa kasi moja, bila kelele ya chuma.

Kisha kuna ulinganifu wa noti. Filimbi za zamani mara nyingi zilikuwa na matundu yaliyopangwa kwa ajili ya kiwango cha chini, na mpigaji alilazimika kusahihisha kwa midomo. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 fundi wa London, Albert Cooper, alifanya hesabu upya, na kampuni nyingi zimefuata njia yake au kuikaribia. Leo filimbi huuzwa zikiwa zimepangwa kwa A ya mitikisiko 440 au 442 kwa sekunde. Kwa Afrika Mashariki tofauti hiyo si ndogo. Sauti husafiri kwa mita 343 kwa sekunde katika nyuzi joto 20, na mita 349 katika nyuzi 30. Hewa ikipata joto filimbi hupanda, ilhali kinanda cha umeme cha kanisani hubaki palepale kwenye 440. Mpigaji wa Mombasa au Dar es Salaam aliyenunua filimbi ya 442 atakivuta kichwa nje hadi oktava zianze kugombana. Heri achukue ya 440.

Kujaribu kufanyike kwa utaratibu. Filimbi ya zamani iwepo, ili sikio liwe na pa kulinganishia. Kwanza ipigwe noti moja ndefu ya katikati, kutoka kimya hadi nguvu na kurudi kimya, huku kipimo cha noti katika simu kikionyesha sauti inapanda au kushuka kiasi gani. Kisha noti za chini kwa pumzi nyembamba, kisha za oktava ya tatu zianzishwe bila kishindo, na mwisho wimbo unaojulikana vizuri. Wimbo mgumu haufai, kwa sababu akili yote huishia vidoleni. Mtu mwingine asimame mbali, ampe mgongo mpigaji, na aseme anachosikia bila kujua filimbi ipi inapigwa. Bei na jina la kampuni hudanganya masikio hata ya walimu. Filimbi inayopendeza katika dakika tano za kwanza mara nyingi ni ile inayofanana na ya zamani. Inayopinga kidogo, na kuzidi kufunguka kadiri mpigaji anavyoizoea, ndiyo yenye nafasi ya kukua nayo. Kwa hiyo muuzaji aombwe ruhusa ya kuijaribu nyumbani kwa siku kadhaa.

Ya mtumba isidharauliwe. Filimbi nzuri iliyotunzwa hudumu miongo mingi, na anayeuza ya daraja la kati kwa bei ya mpya ya kujifunzia si lazima awe tapeli. Gharama ya kubadilisha pedi zote ijumlishwe kwenye bei kabla ya kukubaliana, na bomba likaguliwe kama limebonyea karibu na viungo. Wa pwani wajue kwamba unyevu na jasho lenye chumvi huzinatisha pedi na kuitia fedha weusi: bomba lipitishwe kitambaa ndani kila baada ya kupigwa, na dawa za kung'arishia vyombo zisikaribie vifuniko. Pedi mpya huchukua miezi kadhaa kukaa sawa, kwa hiyo filimbi mpya nayo irudishwe kwa fundi kabla ya mwaka kwisha, hata kama inaonekana haina kasoro.