Kazi ya Nyumbani ya Hisabati: Soma Kosa, Acha Alama

Watoto wawili wa darasa la tatu wamepewa swali moja kwenda nalo nyumbani: 52 − 27. Mmoja amerudi na 35, mwenzake amerudi na 24. Mwalimu anapita na kalamu nyekundu, wote wawili wanapata alama ya kosa, na kwenye daftari la maendeleo wote wana sifuri.

Aliyeandika 24 anajua kutoa. Ameteleza tu katika kuhesabu, na ukimwambia arudie atakuletea 25 bila msaada wa mtu. Aliyeandika 35 ana kanuni yake kichwani: katika kila safu, toa namba ndogo kwenye kubwa. Saba toa mbili, tano. Tano toa mbili, tatu. Kesho ataleta jibu la namna hiyo hiyo, na mwezi ujao pia, kwa sababu anaifuata kanuni yake kwa uaminifu wote. Huyu anahitaji kukaa na mwalimu kwa dakika tano, ikiwezekana na vijiti vilivyofungwa kumi kumi, afungue fungu moja kwa mkono wake na aone ile 12 inatoka wapi. Yule wa 24 hahitaji hayo. Sifuri zao zinafanana, lakini dawa zao ni mbalimbali, na alama imeficha jambo pekee ambalo mwalimu alitakiwa kulijua.

Nasema wazi msimamo wangu: kazi ya nyumbani ya hisabati iwe fupi, isahihishwe kwa kusoma makosa, na alama zake zisiingizwe kwenye ripoti ya mwanafunzi. Naandika nikiwa na mkoa wa Simiyu mbele ya macho, maana ushauri wa kitaalamu usioanzia kwenye hali ya darasa lenyewe huishia kwenye semina.

Simiyu ni mkoa mchanga, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumega Shinyanga na Mwanza. Una wilaya za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 2. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, watoto ambao zamani wangebaki nyumbani wameingia shule, na hilo ni jema lisilo na mjadala. Lakini kiwango kinachotajwa cha wanafunzi 45 kwa darasa la msingi ni ndoto kwa shule nyingi za vijijini. Darasa la watoto 80 au 100 halimshangazi mtu.

Tupige hesabu basi. Mwalimu ana watoto 90 na ametoa maswali 10. Hayo ni majibu 900. Akitumia sekunde 10 kwa jibu moja, sekunde 10 ambazo hazitoshi hata kuangalia njia, atatumia saa mbili na nusu. Akiwa na mikondo mitatu, ni saa saba na nusu kwa kazi ya siku moja. Hakuna mwalimu anayeweza hivyo, na tusimlaumu. Anachofanya ni kumpa kiranja madaftari agawe, watoto wabadilishane, majibu yasomwe ubaoni, kila mtu aweke vema au kosa. Daftari linarudi limejaa wino mwekundu, na mwalimu hajui lolote jipya kuhusu mtoto hata mmoja.

Sasa tutoke darasani twende na mtoto nyumbani. Kengele ya mwisho ikishalia, wa kiume anasubiriwa na ng'ombe, wa kike anasubiriwa na ndoo na mdogo wake wa kubeba mgongoni. Msimu wa palizi ya pamba kuna jembe, na kuanzia Mei kuna kuchuma. Giza likiingia kuna koroboi au taa ndogo ya sola inayogombaniwa na nyumba nzima. Mjini Bariadi, mtoto wa mtumishi ana meza, umeme, na kaka aliye sekondari wa kumwelekeza. Watoto hawa wawili wanakaa dawati moja. Ukiwapa maswali 10 ya nyumbani na kuyapa uzito kwenye alama za muhula, umepima nani ana taa na nani ana ng'ombe. Mtoto wa mfugaji anaadhibiwa kwa ajili ya nyumba aliyozaliwa, na ripoti inasema ni dhaifu katika hisabati.

Na mara nyingi adhabu haiishii kwenye alama. Kanuni za viboko mashuleni, zilizorekebishwa mwaka 2002, zinamruhusu mkuu wa shule pekee, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na hazivuki viboko vinne. Sote tunajua mambo yanavyokwenda kwenye kazi isiyofanywa. Matokeo yake yako wazi asubuhi chini ya mti: watoto wamekusanyika kwenye daftari la mmoja anayejua, wanaangalizia kwa kasi kabla ya kwenda mstarini. Fimbo imewafundisha kunakili. Kazi iliyonakiliwa ni mbaya kuliko isiyofanywa, kwa sababu inamdanganya mwalimu. Anaona 25 kwenye madaftari 90, anaamini mada imeeleweka, anasonga mbele, na kumbe yule wa 35 bado yuko pale pale.

Tunazo sababu za kuwa na haraka. Katika mtihani wa kidato cha nne, kati ya mwaka 2019 na 2022, takriban mtahiniwa mmoja tu kati ya watano alifaulu Hisabati, na kufaulu hapo maana yake ni kufikisha alama 30 kati ya 100. Ndivyo ilivyokuwa kitaifa, na hali imepanda kidogo tu tangu hapo. Lawama nyingi huangukia sekondari, kwenye Kiingereza kinachoingia ghafla kidato cha kwanza, na lawama hiyo ina haki yake. Lakini kanuni mbovu ya kutoa, iliyozaliwa darasa la tatu na kupewa alama ya kosa miaka minne bila kusomwa, nayo inafika kidato cha kwanza ikiwa hai.

Simiyu yenyewe imewahi kuonyesha njia. Wakati Anthony Mtaka alipokuwa mkuu wa mkoa, ziliendeshwa kambi za kitaaluma: wanafunzi wa madarasa ya mitihani walikusanywa mahali pamoja, wakala, wakalala, wakafanya maswali kwa makundi wakiwa na walimu karibu. Watu walizisifu kambi hizo kwa kupandisha matokeo ya mkoa. Mimi naona ndani yake jambo jingine: mkoa ulikiri kwamba nyumbani si mahali pa kufanyia kazi ya nyumbani, ukampa mtoto taa, muda na mwenzake wa kumuuliza. Kasoro ni kwamba kambi huja mwaka wa mtihani, wakati kanuni mbovu zimeshaota mizizi. Dakika 20 za kila siku kabla ya kengele ya mwisho, kuanzia darasa la tatu, zingemfikia mtoto mapema zaidi na kwa gharama ndogo. Kazi ianzie shuleni, mwalimu akiwa anapita katikati ya madawati. Kinachobaki ndicho kiende nyumbani, na kisizidi swali moja au mawili.

Maswali yenyewe yaweje? Manne yanatosha, na yasiwe ya aina moja. Desturi yetu ni kufundisha kutafuta ujazo wa pia leo, kisha kutoa maswali 10 ya ujazo wa pia. Mtoto anapata yote, anafurahi, na mwalimu anafurahi naye. Watafiti wawili wa Marekani, Doug Rohrer na Kelli Taylor, walijaribu jambo hili kwa wanachuo na kuchapisha matokeo mwaka 2007. Kundi moja lilifanya maswali ya ujazo wa maumbo yakiwa yamepangwa aina kwa aina, jingine likafanya maswali yale yale yakiwa yamechanganywa. Wakati wa mazoezi, waliopangiwa walipata asilimia 89, waliochanganyiwa asilimia 60. Wiki moja baadaye wakapewa jaribio: waliopangiwa wakaanguka hadi asilimia 20, waliochanganyiwa wakapata 63.

Sababu yake inaeleweka. Maswali 10 ya aina moja hayamdai mtoto achague njia; njia imeshachaguliwa na kichwa cha habari ubaoni. Mtihani hauna kichwa cha habari. Kwa hiyo katika maswali manne, moja liwe la leo, moja la wiki iliyopita, moja la muhula uliopita, na la mwisho liwe fumbo linalomlazimu aamue mwenyewe kama atajumlisha au atazidisha. Alama zitashuka mwanzoni. Hapo ndipo mwalimu anayehesabu vema atakapokata tamaa, na mwalimu anayesoma makosa atakapoanza kuona.

Chukua MAGAZIJUTO, ambayo kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania anaikumbuka: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Mpe mtoto 12 − 5 + 3. Jibu ni 10, lakini wapo watakaoleta 4, maana wamejumlisha 5 na 3 kwanza kama neno linavyosema, kisha wakatoa 8. Hawakosei kwa uvivu, wanatii walichofundishwa. (Kugawanya kabla ya kuzidisha hakuleti madhara, jibu huwa lile lile. Shida iko kwenye JUTO: kujumlisha na kutoa zina hadhi sawa, na hufanywa kutoka kushoto kwenda kulia.) Swali moja kama hili, likisomwa vizuri, linamwambia mwalimu mengi kuliko maswali 20 yenye vema.

Kusoma huko kunawezekana hata kwa watoto 90. Kati ya maswali manne, mwalimu achague moja tu, lile lenye mtego. Afungue kila daftari kwenye swali hilo kwa sekunde 30, jumla yake ni dakika 45. Ayapange madaftari mezani katika mafungu matatu: waliopata, walioteleza, na waliofuata kanuni isiyo sahihi. Fungu la tatu ndilo somo la kesho. Mwalimu aliandike kosa hilo ubaoni bila jina la mtu, aulize darasa lilitokeaje, na mtoto mwenye kanuni hiyo aisikie ikichambuliwa bila aibu. Maswali mengine matatu watoto wayasahihishe wenyewe kwa majibu ya ubaoni.

Kuna mwalimu atakayesema aandike maoni na alama pamoja, apate faida zote mbili. Ruth Butler aliliangalia hilo nchini Israeli katika utafiti aliouchapisha mwaka 1988. Wanafunzi waliopewa maoni peke yake waliendelea vizuri. Waliopewa alama peke yake hawakupata faida hiyo. Na waliopewa maoni pamoja na alama walifanana na wale wa alama. Mtoto akiona 3/10, macho yake hayaendi tena kwenye maneno. Anaitafuta alama ya jirani yake.

Najua mashaka ya wazazi na ya wathibiti ubora wa shule, ambao hufungua madaftari na kutaka kuona mazoezi mengi yaliyosahihishwa. Mashaka hayo yana msingi, kwa sababu daftari tupu limewahi kuficha mwalimu asiyeingia darasani. Lakini wingi wa wino nao unaficha. Mthibiti ubora aombe kuona mafungu matatu ya wiki iliyopita na somo lililotokana nayo. Shule inayotaka alama izichukue kwenye jaribio la Ijumaa la dakika 20, linalofanyika darasani kwa mwanga ule ule kwa wote, likiwa na maswali mawili yaliyofanana na ya wiki. Jaribio hilo linajibu pia hofu kwamba pasipo alama watoto hawatafanya kazi: aliyefanya ataona faida yake Ijumaa, aliyenakili ataona hasara yake siku hiyo hiyo. Wazo la kupima mwaka mzima si geni kwetu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka mwanafunzi asihukumiwe kwa mtihani mmoja wa mwisho. Lilihitaji alama zinazosema kweli.

Mzazi naye ana nafasi, hata asiyejua kusoma. Mkulima wa Itilima anayesimama kwenye mzani wa chama cha msingi akiwa na kilo 37 za pamba, bei ikiwa shilingi 1,150, hatafuti karatasi. Kilo 40 zingekuwa 46,000, punguza kilo tatu, 3,450, inabaki 42,550. Hiyo ni hisabati safi, na ni nzuri kuliko kuzidisha kwa kupanga safu. Huko Recife, Brazil, watafiti waliwafuata watoto wachuuzi sokoni wakaona wanapatia karibu maswali yote ya kichwani, kisha wakakosa nyingi za hesabu hizo hizo zilipoandikwa kishule. Kwa hiyo msimu wa pamba, kazi ya nyumbani iwe hiyo: mwulize baba alivyopata 42,550, mweleze bibi kwa Kisukuma unavyofanya wewe shuleni, kesho uje na njia zote mbili. Bibi hawezi kusahihisha, lakini anaweza kusema hajaelewa, na mtoto atalazimika kueleza upya.

Walimu tayari wana mahali pa kuanzia. Mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, yanawakutanisha katika jumuiya za ujifunzaji shuleni. Kikao kimoja cha mwezi kiwe cha makosa tu: kila mwalimu wa hisabati alete madaftari mawili ya fungu la tatu. Mmoja ataleta mtoto aliyejumlisha 1/2 na 1/3 akapata 2/5, kwa kujumlisha kiasi na kiasi, asili na asili. Wenzake wanaofundisha darasa la tano na la sita watakuwa na madaftari ya namna hiyo, na huenda wakagundua kwamba sehemu zinahitaji wiki mbili zaidi kuliko azimio la kazi linavyosema. Waandike hivyo kwenye azimio la mwaka unaofuata.