Nusu Saa Peke Yako Chini ya Miti

Leo tunazungumza juu ya kuchoka kwa akili, na dawa moja isiyouzwa dukani: kutembea peke yako mahali penye miti.

Najua wengi wenu mtasema, "Kutembea? Si ndiyo kazi yangu kila siku!" Ni kweli. Asubuhi na mapema, njia ya kutoka Kawangware kwenda Lavington hujaa akina mama wanaotafuta kibarua cha kufua nguo, na wenzao wa Kangemi hushika njia ya Westlands kwa miguu. Kama kutembea tu kungetosha, akina mama hawa wangekuwa watulivu kuliko watu wote wa Nairobi. Lakini wanafika wamechoka, na wanarudi wamechoka zaidi.

Sababu ni kazi ambayo akili hufanya njiani. Kando ya barabara unachunga pikipiki isikugonge, unakumbatia mkoba wako, unaipisha matatu iliyopanda njia ya watu, na huku unapiga hesabu ya kodi ya nyumba. Wataalamu wawili wa Marekani, Rachel na Stephen Kaplan, walilieleza jambo hili katika kitabu chao cha mwaka 1989. Kuna uangalifu wa kujilazimisha, kama ule wa kumchunga mtoto karibu na jiko. Huo huchoka. Tena kuna uangalifu unaokuja wenyewe: jicho linafuata majani yanayotikisika, sikio linamfuata ndege. Huu wa pili unapofanya kazi, ule wa kwanza unapumzika.

Mwaka 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani walitangaza matokeo ya jaribio dogo la watu 38 wenye afya. Wengine walitembea dakika 90 penye nyasi na miti, wengine dakika 90 kando ya barabara yenye magari mengi. Waliotembea penye miti walipunguza mawazo ya kujirudiarudia, na picha za ubongo zilionyesha kwamba sehemu moja inayohusika na mawazo hayo imetulia. Wale wa barabarani hawakupata nafuu hiyo. Mawazo hayo unayajua, mama: "Karo nitatoa wapi? Mbona alinijibu vile? Karo nitatoa wapi?" Unayacheua usiku kucha kama ng'ombe, wala hayashibishi.

Kwa nini uende peke yako? Ukienda na mtoto, bado uko kazini. Ukienda na jirani, mtazungumza habari zile zile mlizoacha kwenye ploti. (Kuzungumza na rafiki ni dawa pia, ila ni dawa nyingine.) Na mama anayelala chumba kimoja na watu watano hana hata mlango wa kujifungia. Basi patana na jirani unayemwamini: Jumamosi hii akushikie mtoto, Jumamosi ijayo umshikie wake. Atakayekuita mvivu, mwache aseme.

Mahali panapofaa ni Arboretamu ya Nairobi, karibu na Ikulu, ambayo kutoka katikati ya mji unaweza kuifikia kwa miguu. Ilianzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti ya kigeni, na leo ina aina zaidi ya 350 za miti katika hekta 30 hivi. Utakuta watu wakitembea polepole huku wakiomba kwa sauti, kila mtu na shughuli zake, kwa hiyo hakuna atakayekushangaa. Kuna kiingilio, kiulizie kabla ya kwenda. Kama huna nauli wala kiingilio, tafuta uwanja wa kanisa au shule wenye miti, uombe ruhusa. Bustani ya Jeevanjee mjini ina vivuli tangu 1906, ila ina wahubiri na wabishi wa siasa pia!

Ukifika, zima simu uifiche. Tembea polepole, usihesabu hatua. Dakika za kwanza mawazo yatakufuata. Usipigane nayo, tazama miti tu. Uchunguzi wa Uingereza wa mwaka 2019, uliohusisha watu karibu 20,000, ulikuta kwamba waliopata jumla ya dakika 120 kwa wiki katika mazingira ya asili walikuwa na hali bora kuliko wasioenda kabisa, hata kama walizigawa siku kadhaa.

Usalama nao tusiupuuze. Nenda mchana, mwambie mtu ulipo na saa utakayorudi, na ushike njia ambayo wengine wanakuona. Kuwa peke yako si kujificha. Msitu wa Ngong Road una sehemu zenye vichaka vingi, huko usiingie bila wenzako au askari wa misitu.

Na miti haitibu kila kitu. Mama aliyejifungua anaweza kulialia siku chache za kwanza, kisha yakaisha. Lakini huzuni ikizidi wiki mbili, au usingizi ukikosekana hata mtoto akiwa amelala, mweleze muuguzi unapompeleka mtoto kliniki. Ukipata wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, nenda hospitali siku hiyo hiyo, au piga 1199, simu ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Safari hiyo usiende peke yako.