Mkutano si Baraza la Chifu

Vikundi vingi vya pwani ya Kilifi vimeiga mkutano wao kutoka kwa baraza la chifu. Meza moja mbele, viti vya plastiki nyuma yake, wanachama chini ya mwembe. Mwenyekiti anaeleza, mweka hazina anaongezea, kisha linaulizwa swali moja: "Tumekubaliana?" Watu wa mstari wa mbele wanaitikia, makofi yanapigwa, na katibu anaandika kwamba wanachama wote wameafiki. Mwezi haujaisha, nusu ya wanachama hao hao wanakataa kulipa walichoafiki.

Mtindo huo una historia. Mwaka 1913 Arthur Champion, ofisa wa serikali ya kikoloni katika nchi ya Wagiriama, aliitisha mabaraza kuwaeleza watu mambo ya kodi na vibarua. Msimamo wa Wagiriama haukutoka humo. Ulitoka Kaya Fungo, ambako Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola waliwakusanya watu wakala kiapo cha kukataa. Barazani watu walikwenda kuambiwa. Mkutano wa kikundi unaitwa ili watu waamue, na kuamua kuna utaratibu wake.

Utaratibu huo ndio unaoendesha mabunge yetu. Aliyeusogeza karibu na vyama vya kawaida ni Henry Martyn Robert, mhandisi wa jeshi la Marekani. Mwaka 1863 alitakiwa kuongoza mkutano katika kanisa la Kibaptisti mjini New Bedford, akajikuta hajui aanzie wapi. Mwaka 1876 akachapisha kitabu cha kanuni ambacho vyama vingi duniani vinakifuata hadi leo. Kitabu chenyewe ni kinene, lakini yanayohitajika kwenye bandari ya wavuvi ni machache.

Tuchukue BMU, yaani chama cha usimamizi wa ufuo. Kanuni za mwaka 2007 ziliweka mkutano wa wanachama wote juu ya kamati tendaji, na wanachama wenyewe wana maslahi tofauti: matajiri wenye vyombo na nyavu, manahodha, mabaharia, wachuuzi, na mama karanga wanaokaanga samaki wadogo. Kwenye karatasi wote ni sawa. Mkutanoni, baharia anayempinga tajiri anajua kwamba kesho anaweza kukosa nafasi chomboni, na mama karanga anayechukua samaki kwa mkopo hatathubutu kumkatiza anayemkopesha. Utaratibu wa mikutano upo kwa ajili ya hawa wawili. Tajiri atasikika tu, uwepo utaratibu usiwepo.

Tuseme chama kinataka kuongeza makato ya kila kilo inayopimwa bandani. Kosa la kwanza ni kufungua mjadala kwa kusema "tuzungumzie makato." Mmoja atalalamikia mizani, mwingine ataeleza pesa za mwaka jana zilivyoliwa, wa tatu ataingiza habari za juya na wageni kutoka bandari jirani. Saa mbili zinapita na hakuna anayejua anaulizwa nini.

Badala yake mwanachama asimame na hoja iliyokamilika: "Natoa hoja kwamba chama kikate shilingi 10 kwa kila kilo kuanzia kaskazi ijayo, na nusu ya fedha hizo itumike kwa barafu." Mwingine aiunge mkono. Akikosekana wa kuunga mkono, hoja inaishia hapo, maana mkutano mzima haupaswi kupoteza mchana kwa wazo la mtu mmoja. Ikiungwa, katibu aisome kwa sauti kama alivyoiandika. Kuanzia hapo anayezungumzia juya yuko nje ya hoja, na mwanachama yeyote anaweza kusimama kwa hoja ya nidhamu kumkumbusha mwenyekiti hivyo, hata kama anayezungumza ni tajiri mwenye vyombo vitatu.

Katika mjadala, kila mmoja aelekeze maneno yake kwa mwenyekiti, si kwa aliyemtangulia. Mtu asirudie kuzungumza kabla wasiozungumza hawajapewa nafasi. Mwenyekiti mwerevu hupokea upande unaounga mkono, kisha unaopinga, kwa zamu. Akitaka kutetea upande mmoja yeye mwenyewe, amwachie makamu kiti hadi jambo hilo liishe, kwa sababu anayegawa nafasi za kusema hawezi kuwa mshindani.

Mara nyingi njia hupatikana kwenye marekebisho. Baharia anasema shilingi 10 ni nyingi, anapendekeza 7, na mwenzake anamuunga mkono. Sasa mjadala ni wa tofauti kati ya 7 na 10 peke yake, na marekebisho hupigiwa kura kwanza. Yakipita, hoja inasomwa upya ikiwa na shilingi 7, kisha inapigiwa kura yake. Vikundi vingi huruka hatua hii ya pili, vikadhani kura ya marekebisho imemaliza kazi. Haijamaliza. Yupo anayependelea 7 kuliko 10 lakini hataki makato kabisa, na ana haki ya kulisema hilo kwa kura.

Kura nazo zihesabiwe. Tuseme 19 wanakubali, 16 wanakataa, 6 hawapigi. Kwa kanuni ya kawaida hoja imepita, kwa kuwa wanaohesabiwa ni waliopiga kura. Kura zikilingana, hoja imeanguka. Ndivyo kifungu cha 122 cha Katiba ya Kenya kinavyosema kuhusu Bunge, na Spika mwenyewe hana kura. Sababu yake ni kwamba anayetaka mabadiliko ndiye anayepaswa kupata wengi. Asipowapata, mambo yanabaki yalivyokuwa. Katiba za vyama vingine humpa mwenyekiti kura ya uamuzi, kwa hiyo isomeni yenu kabla ya siku ya ubishi. Pale mikono inapoweza kumponza mtu, kura iwe ya siri. Vipande vya karatasi na ndoo yenye kifuniko vinatosha.

Akidi ndiyo inayochezewa zaidi. Watu wanatia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio, wanakunywa soda, wanapokea nauli, wanaondoka; uamuzi unapitishwa na waliobaki. Akidi hupimwa kwa waliopo wakati wa kuamua, si kwa sahihi za asubuhi. Kwenye ardhi jambo hili ni zito kupita yote. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inataka theluthi mbili ya mkutano wa jamii iwepo ndipo uamuzi ufanyike, na kuitoa ardhi yenyewe kunahitaji kuungwa mkono na theluthi mbili ya wanachama wote walioandikishwa. Jamii yenye wanachama 300 inahitaji 200 kwa kuuza. 120 waliokaa chini ya mbuyu hawatoshi, hata wakikubaliana wote.

Wazee watauliza: na mwafaka je? Kambi, yaani baraza la wazee wa Wagiriama, huzungumza hadi maneno yakutane, bila kuhesabu mikono, na kwa watu wachache wanaojuana njia hiyo ina hekima yake. Haipingani na hoja. Mwenyekiti anaweza kusoma hoja na kuuliza kama yupo anayeipinga. Pasipotokea mtu baada ya kusubiri kwa haki, imepita. Tofauti yake na "tumekubaliana?" ni kwamba kila mtu ameisikia sentensi anayoikubali, na anayekataa ameulizwa waziwazi.

Sentensi hiyo ndiyo ya kuandikwa kwenye kumbukumbu, pamoja na aliyetoa hoja, aliyeiunga mkono na hesabu ya kura. Hotuba hazihitajiki. Mkutano ujao kumbukumbu zisomwe na kuthibitishwa kabla ya jambo jingine lolote. Hakuna kinachowafanya watu wapende makato, lakini baharia aliyeshindwa kwa hesabu ya kura hulipa shilingi zake 7 huku akitafuta wa kumuunga mkono mwakani. Aliyeshindwa kwa kelele hupeleka samaki wake bandari nyingine.