Maji na Uchafu Katika Tangi la Dizeli

Chombo cha zamani chenye mashine ya dizeli huweza kwenda vizuri siku zote ndani ya bandari, kisha mashine ikazimika ghafula siku kinapotoka nje ya mwamba. Nahodha hustaajabu, kwa maana dizeli ingali tele. Lakini sababu imo mle mle tangini. Bahari ikiwa shwari, maji na mashapo hulala chini. Chombo kikianza kuyumba hutibuka yote, yakaingia bombani na kuziba chujio. Ndiyo maana balaa hili huja palipo na hatari zaidi, kama vile katika mlango wa Kipini, ambapo Mto Tana huingia baharini na mawimbi huvunjika juu ya fungu la mchanga.

Wengi huulaumu unyevu wa hewa, na ni kweli kwamba tangi lililoachwa nusu tupu wakati wa kusi, chombo kikiwa kimepandishwa pwani, hutoa jasho kwa ndani. Lakini aghlabu njia kubwa ya maji ni kifuniko cha sitahani ambacho mpira wake umepasuka, au bomba la kupumulia linaloelekea upande wa mawimbi. Tena yako maji yanayonunuliwa pamoja na dizeli yenyewe, katika madumu machafu.

Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo hukaa chini kabisa. Pale yanapokutana na dizeli huota vijidudu na kuvu, ambavyo chakula chao ni hiyo hiyo dizeli. Hufanya utelezi mweusi mfano wa kamasi, na asidi yake hula chuma. Pampu ya mashine nayo hulainishwa na dizeli inayopita ndani yake. Ikipitiwa na maji, vyuma vyake vilivyobanana sana husagana na kushika kutu.

Kubadili chujio peke yake si dawa. Chombo kitulie usiku kucha. Asubuhi, kabla hakijatikiswa, mpira mwembamba ufungwe kijitini, ushushwe mpaka pembe ya chini kabisa ya tangi, na uchafu uvutwe kwa pampu ya mkono. Mtu asinyonye kwa kinywa. Kinachotoka kitiwe katika chupa nyeupe na kuachwa kitulie: maji yataonekana chini, dizeli juu, na kati yao utando mweusi. Kazi irudiwe mpaka chupa ijae dizeli safi tupu. Uchafu huo usimwagwe bandarini wala kwenye mikoko, bali uwekwe katika pipa.

Taabu ya vyombo vya zamani ni kwamba matangi mengi yalijengwa ndani ya mbavu za chombo, bila koki ya chini wala mlango wa kuingizia mkono. Ndani mna mabamba ya kuzuia dizeli isipige mawimbi, na uchafu hujificha nyuma yake, mahali usipofika mpira. Hapo tangi halina budi kukatwa mlango kwa juu. Fundi asitumie moto hata kidogo. Tangi lililomwagwa huweza kuwa la hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke uliobaki ukichanganyika na hewa hulipuka likichomewa, na watu wamekufa kwa kudhani kwamba tangi tupu halina kitu. Litobolewe kwa keekee ya mkono, taratibu, grisi ikipakwa, na ngama ipigwe na hewa. Likiwa limekwisha kuliwa na kutu, heri kuweka jipya, nalo lisiwe la bati lenye zinki, kwa kuwa zinki huharibu dizeli.

Dawa ya vijidudu huuzwa, lakini huua tu, haiondoi. Vilivyokufa huziba chujio vile vile. Basi itiwe baada ya kusafisha.

Chujio jipya likiisha kufungwa, hewa itolewe bombani mpaka mapovu yakome, kisha mashine iendeshwe chombo kikiwa kimefungwa gatini. Machujio mawili ya akiba na spana yake yawekwe karibu na mashine, si nyumbani.