Umeweka injini kubwa kwa gari la babu? Pima kwanza ndipo ununue rejeta

Unajua ile sauti ya maji yakitokota chini ya boneti? Mimi naijua. Ilikuwa Ijumaa jioni, nimeketi kando ya binamu yangu ndani ya pikapu ya Datsun 1200 tuliyoachiwa na babu, tukitoka Athi River kurudi Nairobi. Pale Mlolongo msongamano ukagoma kusonga. Mshale wa joto ukapanda, sisi tukajifanya hatuuoni. Dakika chache tu, mvuke mweupe ukafunika kioo cha mbele, na madereva wa matatu wakaanza kutupigia honi kana kwamba tumesimama kwa raha zetu.

Hedi ilipinda, gasketi ikaungua. Akiba ya miezi minane ikaishia pale kando ya barabara. Nyanya alipopata habari alisema neno moja tu: liuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Lakini injini haikuwa na makosa. Kosa lilikuwa rejeta iliyochaguliwa kwa macho.

Kama na wewe una gari kuukuu mtaani unalolifufua, sikia haya kabla hujatoa pesa.

Shida hii si yetu peke yetu. Huko California, Marekani, vijana wamekuwa wakihangaika nayo tangu zamani na magari wanayoyaita hot rod. Unachukua gari kama Ford ya 1932, unalipunguzia uzito, kisha unaliwekea injini yenye misuli. Chevrolet ilipotoa V8 yake ndogo mwaka 1955, wengi waliichangamkia. Lakini injini inaweza kuongezeka nguvu, ilhali nafasi iliyoko kati yake na grili inabaki ile ile ya zamani.

Datsun 1200 ilitoka kiwandani na injini ya A12 yenye 1,171cc. Binamu yangu aliweka ya 1,800cc. Karibu theluthi moja ya joto la petroli inayochomeka huishia kwenye maji ya kupoza injini. Ukiongeza nguvu, umeongeza joto la kutolewa. Rejeta ya zamani haitakuonea huruma.

Sasa, chukua futi. Pima vitu vitatu: upana kati ya vyuma vya chesisi, kimo kutoka kwa chuma cha chini hadi boneti ikiwa imefungwa, na umbali kutoka kwa grili hadi ncha ya pampu ya maji. Hicho cha tatu ndicho huwatoa watu machozi. Acha angalau sentimita mbili na nusu kati ya feni na rejeta, kwa sababu injini hucheza kwenye raba zake. Ukikanyaga breki ghafla, inasogea mbele. Feni ikigusa rejeta, mchezo umeisha.

Ukishapata vipimo, kimbilia upana na kimo kabla ya unene. Wengi hudhani rejeta nene yenye safu nne za mirija ndiyo kali. Si lazima. Hewa ikifika safu ya mwisho tayari imepashwa moto na zile za mbele, na rejeta nene pia huizuia hewa kupita. Uso mpana unaopigwa na upepo ndio hufanya kazi kubwa. Kama boneti yako iko chini, tafuta ile ambayo maji hupita kutoka upande mmoja hadi mwingine, matangi yakiwa kushoto na kulia. Hiyo hutumia upana badala ya kimo. Ila kifuniko lazima kiwe sehemu ya juu kabisa ya mfumo. Kikiwa chini ya injini, hewa itakwama ndani, na hapo utahitaji tangi dogo la kujazia maji lililowekwa juu zaidi.

Shaba au alumini? Shaba ni nzito, lakini fundi wa jua kali ataiziba kwa risasi ikivuja. Alumini ni nyepesi na mirija yake huweza kufanywa mipana zaidi, kwa hivyo rejeta nyembamba inafanya kazi ya nene. Ikipasuka, inataka fundi mwenye mtambo maalum wa kuchomelea alumini. Jiulize utakuwa wapi ikivuja.

Feni ya umeme huokoa nafasi sana. Ifunge nyuma ya rejeta ivute hewa, ukiweza. Ya kusukuma kutoka mbele ni ya kulazimika tu, kwa maana huziba njia ya upepo gari likiwa mwendo kasi. Iwekee kava inayofunika uso wote wa rejeta, la sivyo feni itavuta hewa kwenye duara lake tu. Na usiifunge kwa zile nyuzi za plastiki zinazopenya katikati ya mirija. Zitaisugua hadi itoboke.

Usidharau kifuniko pia. Nairobi iko juu, kwa hivyo maji ya sufuria hapa huchemka kwa takriban nyuzi 94, si 100. Kifuniko kizima kilichoandikwa 0.9 hushikilia presha hadi maji yapite nyuzi 110 kabla ya kutokota. Kikichoka, umebaki na sufuria. Na hata ufanyeje, usikifungue injini ikiwa moto.

Siri nyingine ya mafundi ni hii: gari likichemsha kwenye msongamano lakini linapoa barabara ikifunguka, shuku feni na kava yake. Likichemsha ukiwa mwendo wa kasi, shuku rejeta yenyewe: ni ndogo, au imeziba.

Sisi tulirudi Kirinyaga Road na karatasi ya vipimo mfukoni. Muuzaji wa kwanza alitutolea rejeta nene inayong'aa, akaapa itaingia. Tukaipima. Ilizidi kwa sentimita nne. Tulizunguka hadi alasiri ndipo tukapata ya alumini, pana na nyembamba, tukaifunga juu ya raba na feni ya umeme nyuma yake. Hatukukata chuma hata kimoja cha gari la babu.

Ijumaa iliyofuata tulikwenda Mlolongo makusudi, saa kumi na moja jioni. Tulikwama dakika arobaini. Mshale ulipanda hadi katikati, feni ikawaka, ukatulia. Binamu yangu akampigia nyanya simu, akamwambia asikilize injini.

Nyanya alinyamaza kidogo, kisha akauliza tutamchukua saa ngapi Jumapili kwenda kanisani.