Keki ya Aiskrimu Nyumbani, Sehemu ya Tatu: Swali la Mpemba

Habari za mradi wa TAZA, yaani njia ya umeme ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, iliyokusudiwa kuuingiza mkoa wa Rukwa katika gridi ya Taifa baada ya miaka mingi ya kutegemea umeme wa Zambia, zimeamsha upya mazungumzo ya friza katika nyumba za Ufipa, mkoani humo. Kwa kuwa tabaka la chini la keki ya ulezi na upishi wa maziwa, mayai na sukari vilikwisha kuelezwa katika sehemu zilizotangulia, sasa imebaki kazi ya kugandisha, na kazi hiyo haielezeki kwa haki pasipo kumtaja Erasto Mpemba.

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, ambako wanafunzi walizoea kutengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, kuyaacha yapoe, ndipo wayaweke ndani ya friza. Siku moja nafasi ilipokuwa ya kugombania, mwenzake aliingiza maziwa bila kuyachemsha, naye Mpemba, kwa kuchelea kukosa mahali, akaingiza yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu hivi, yake yalikuwa yameganda, ilhali ya mwenzake yalikuwa bado majimaji mazito. Alipomuuliza mwalimu wa fizikia kwa nini yaliyoingizwa moto yaliganda kwanza, alijibiwa kwamba amechanganyikiwa. Na baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, akaambiwa kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, wala si ya ulimwengu. Ukosefu wa maabara huweza kusameheka penye ufukara, lakini kumcheka mtoto aliyeuliza ni kosa lisilo na udhuru, na bado lingali likitendeka madarasani.

Heshima imwendee Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, ambaye aliulizwa swali hilo hilo mbele ya wanafunzi waliokuwa wakicheka, akaahidi kulipima, akalipima kweli, na mwaka 1969 akachapisha matokeo pamoja na Mpemba katika jarida la Physics Education. Aristotle alikwisha kuligusia jambo hilo zaidi ya miaka elfu mbili kabla. Kuhusu sababu yake, wapo wanaotaja mvukizo, yaani maji ya moto kupungua kwa kupanda mvuke, na wapo wanaotaja mizunguko ya joto ndani ya chombo. Lakini mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden wa Uingereza walipima upya wasione ushahidi wa kutosha wa jambo hilo. Mzazi mwenye friza na atie mabakuli mawili yenye ujazo sawa, moja la maji ya moto na moja la maji baridi, kisha amwachie mtoto saa na daftari.

Umeme ukikatika, bakuli la mchanganyiko huzamishwa katika barafu iliyopondwa na kutiwa chumvi ya mawe, kwa sababu chumvi hushusha kiwango cha kuganda kwa maji, hata mchanganyiko wa barafu na chumvi ukaweza kufikia takriban nyuzi 21 chini ya sifuri. Chumvi si ngeni ukanda huu: Uvinza na Ivuna ilichemshwa karne nyingi kabla ya ukoloni.

Kuhusu mapambo, yafaa keki itolewe kwenye bati kwa kulipangusa nje kwa kitambaa kilichochovywa maji ya moto, ipakwe upesi krimu iliyochapwa ikiwa baridi, inyunyiziwe karanga za kukaanga, na jina la mtoto liandikwe kwa chokoleti iliyoyeyushwa, ambayo huganda mara igusapo aiskrimu, kwa hiyo herufi iliyokosewa huinuliwa kwa ncha ya kisu na kuandikwa upya. Kisha keki hurudishwa ndani ya friza, na mishumaa huchomekwa wageni wakiwa wamekwisha kukaa.